Dimenshia ya mapema: eksomu ikitoka bila jibu, pima C9orf72

Mgonjwa aliyeanza kupoteza akili kabla ya miaka 65 asipelekwe moja kwa moja kwenye usomaji wa eksomu (sehemu za jeni zinazobeba maagizo ya kutengeneza protini). Chora kwanza ukoo wake, vizazi 3 au zaidi, na kwa kila aliyeugua andika umri dalili zilipoanza (familia nyingi hutaja umri wa kufariki, kwa hiyo uliza mara ya pili) na dalili iliyotangulia. Kusahau kukitangulia, shuku jeni za APP, PSEN1 na PSEN2. Tabia ikibadilika au maneno yakipotea, shuku jeni za MAPT, GRN na C9orf72. Kukiwa na ndugu mwenye ALS (ugonjwa unaoua neva za misuli), anza na C9orf72.

Damu ichukuliwe kwenye tyubu ya EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda), igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10. Tyubu ya heparini iepuke, huzuia PCR (njia ya kukuza nakala za kipande cha DNA).

Majibu mengi ya uongo hutokea kwenye C9orf72. Kasoro yake ni mirudio ya herufi za DNA GGGGCC ndani ya introni (sehemu ya jeni isiyobeba maagizo ya protini). Eksomu haifiki huko, na vipande vya herufi 150 vinavyosomwa haviwezi kuvuka mirudio inayofika mamia au maelfu. Ipime peke yake. Pitisha kwanza PCR ya kawaida kwa praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha kunakili) yenye rangi inayong'aa. Ukiona vilele 2 vya ukubwa wa kawaida, umemaliza. Kilele kimoja hakitoshi kusema mtu ni mzima: huenda aleli (nakala za jeni) zote mbili zinalingana, huenda moja ni ndefu mno na PCR imeshindwa kuikuza. Hapo fanya PCR yenye praima inayoshika ndani ya mirudio. Aleli ndefu huonekana kama meno ya msumeno yanayoshuka polepole, jino na jino likitengana kwa herufi 6.

Eneo hili lote ni G na C, polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA) hukwama. Ongeza DMSO na betaini, kemikali zinazolegeza DNA, na badala ya dGTP (herufi G ya kunakilia) tumia 7-deaza-dGTP. Kila unapopima weka sampuli ya mtu mwenye mirudio mirefu inayojulikana. Meno yake yakikatika nayo, tatizo ni kemikali zako. Pima pia kutoka upande wa pili, kwa kuwa herufi chache zilizopungua kando ya mirudio huweza kumnyima praima mahali pa kushika. Urefu kamili unahitaji Southern blot (njia ya kupima urefu wa vipande vya DNA kwenye jeli) na DNA nzima isiyokatika, takriban mikrogramu 10.

Usisahau APP iliyojirudia nzima. Herufi zote zitasomeka sawasawa, kumbe nakala ni 3, tumia MLPA (kipimo cha kuhesabu nakala za jeni). Kwa GRN, progranulini (protini ya jeni hiyo) ikiwa chini sana kwenye plazma ni ushahidi mzito.

Jibu la maabara ya utafiti lisipelekwe kwa familia. Chukua damu upya, ipimwe kwenye maabara ya tiba iliyoidhinishwa, baada ya ushauri nasaha. Mchoro wa ukoo unaochapishwa ufiche jinsia na mpangilio wa kuzaliwa, ili mdogo wao asiyetaka kujua asijitambue humo.