SOMO: Kumwandaa kijana apite usaili wa okestra ya kulipwa

Swali hili nimeulizwa mpaka nimezoea: "Mwanangu anapiga fidla, kanisani kila mtu anamsifu. Afanye nini aajiriwe okestra za Ulaya?" Nimeona niliandike kwa kirefu mara moja, atakayeuliza tena nimtumie hili. Nitazungumzia Ujerumani, kwa kuwa ndiko nilikosoma na ndiko nilikoanguka usaili mara nne kabla ya kupata kazi ya mkataba mfupi. Tena nchi ile ina okestra zaidi ya 120 zinazoendeshwa kwa fedha za umma, kwa hiyo nafasi zinatangazwa mwaka mzima. Mimi napiga viola, ile ala iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, basi msishangae mifano mingi ikitoka huko.

Hatua ya 1: Ujue mtihani kabla hujaanza kufundisha

Wazazi wengi wanadhani kijana ataingia ukumbini, atapiga wimbo anaoupenda, watu watasisimka, ataajiriwa. Sivyo. Usaili wenyewe wanauita Probespiel, na duru ya kwanza karibu kila mahali ina kipande kinachojulikana kabla hata tangazo halijatoka. Mpiga fidla atatakiwa koncherto (kipande ambacho ala moja hutangulia na okestra kuisindikiza) ya Mozart, mara nyingi namba 3, 4 au 5. Viola ni Stamitz au Hoffmeister. Chelo ni Haydn, ile ya D. Besi kubwa ni Dittersdorf au Vanhal. Klarineti ni Mozart, tarumbeta ni Haydn, na tromboni ni Ferdinand David. Yaani kijana wa miaka 13 leo anaweza kuambiwa kipande atakachosailiwa nacho akiwa na miaka 25. Sasa kwa nini apoteze miaka kwa vipande vya kufurahishia harusi?

Duru hiyo mara nyingi hupigwa nyuma ya pazia. Unapewa namba, unapiga, na dakika ya pili unaweza kusikia "Danke" ukiwa katikati ya mstari. Hiyo asante maana yake nenda nyumbani. Wanaobaki wanapiga koncherto nyingine, ya karne ya 19 au ya 20, halafu zinakuja dondoo: vipande vifupi vilivyonyofolewa kwenye simfoni na opera. Wanaoamua ni wanamuziki wenyewe wa okestra, kwa kura. Kondakta (yule anayeiongoza okestra kwa mikono, si yule anayening'inia mlangoni mwa daladala) hakuchagui peke yake. Ukishinda unapewa kipindi cha majaribio, kwa kawaida mwaka mmoja, kisha wanapiga kura tena.

Hatua ya 2: Mapigo kwanza, uzuri baadaye

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo vijana wetu wanapochinjwa. Wana sauti tamu, wana hisia, lakini mapigo yanayumba, na kosa hilo mtu wa okestra hasamehi, kwa sababu anajua atakaa kiti cha pembeni yako miaka thelathini.

Chukua sehemu ya pili ya Simfoni ya 5 ya Beethoven. Viola na chelo zinaanza wimbo pamoja, besi zinadonoa nyuzi chini yake, basi. Hakuna kelele ya kujificha. Wimbo una noti ndefu kidogo ikifuatwa na noti fupi sana. Ligawe pigo mafungu manne: ndefu inakula matatu, fupi inabaki na moja. Kijana akilegea, bila kujua anagawa mafungu matatu: ndefu mawili, fupi moja. Kwenye sikio la mtu wa kawaida ni wimbo uleule. Kwenye sikio la jopo kijana ameshatoka.

Nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 19 aliyeniapia kwamba anapiga sawasawa. Nikamrekodi kwa simu, nikapunguza kasi mpaka nusu, tukasikiliza. Mistari miwili ya kwanza safi. Wa tatu, noti fupi ikaanza kunenepa. Wa nne, tayari ilikuwa muziki wa kubembelezea mtoto. Alikaa kimya, akaomba arudie, akarudia, ikanenepa tena palepale. Tukagundua tatizo ni upinde: alikuwa anautumia mwingi mno kwenye noti ndefu, hivyo fupi ikalazimika kungoja upinde urudi.

Dawa ilikuwa hii. Piga kila pigo kama noti nne sawa, huku unatamka "ta-ka-ti-ki". Kisha nyamazisha "ka" na "ti" lakini uendelee kuzitamka. Kisha acha kutamka. Metronomu, ile mashine ya kuhesabu mapigo, ianze polepole, na ukishazoea iweke ilie mara moja tu kwa kila mistari miwili ya mizani, si kila pigo. Metronomu inayolia kila pigo ni gongo la kutembelea, ukilinyang'anywa unaanguka. Alifanya hivyo dakika 15 kila asubuhi kwa wiki sita.

Hatua ya 3: Sauti iwe ya kule unakokwenda

Huku kwetu tunatyuni noti ya A kwenye 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Okestra nyingi za Ujerumani ziko juu kidogo, kwenye 443. Tofauti ni ndogo, lakini sikio lililokaa miaka kumi kwenye 440 linajiona limepotea. Weka programu ya simu kwenye 443 mwaka mzima kabla ya kusafiri. Na skeli (noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio) zipigwe juu ya sauti moja inayoshikiliwa bila kukatika, si kwa kutazama mshale wa kwenye kioo. Macho hayatyuni.

Hatua ya 4: Dondoo, na okestra nzima kichwani

Nakala zinapatikana bure IMSLP, maktaba ya noti ya mtandaoni. Kwa fidla anza na mwisho wa Simfoni ya 39 ya Mozart, ukurasa wa kwanza wa Don Juan ya Strauss, na skezo (sehemu ya mwendo wa haraka) ya Simfoni ya 2 ya Schumann. Besi kubwa haikwepi skezo ya Beethoven namba 5. Kabla ya kushika ala, kijana asikilize kipande huku anafuata nakala ya kondakta kwa kidole, aniambie nani anapiga chini yake, nani anamwachia wimbo, nani anaupokea. Anayepiga dondoo kama zoezi la vidole anasikika. Anayesikia okestra isiyokuwepo pia anasikika, hata nyuma ya pazia.

Hatua ya 5: Usaili wa kanga

Tundika kanga mlangoni. Waite majirani watano wakae upande wa pili, mpe kijana namba, mwambie apande ngazi mbio mara mbili ili moyo umwende mbio, kisha apige mara moja tu. Hakuna kurudia, hakuna "samahani naanza upya". Fanya kila Jumamosi. Mara ya kwanza karibu wote wanatetemeka upinde mpaka unaruka kwenye nyuzi. Mimi sikufanyiwa hivi. Usaili wangu wa kwanza nilitetemekea mbele ya jopo lenyewe.

Hatua ya 6: Njia na karatasi

Ni chuo cha muziki kwanza, hakuna njia ya mkato. Mtihani wa kuingia una ala, nadharia, kusikia na kuandika noti, na mara nyingi piano kidogo. Gredi ya 8 ya ABRSM, ile mitihani ya muziki ya Uingereza, ni nzuri, ila si tiketi. Vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, isipokuwa baadhi, kama vya jimbo la Baden-Württemberg, ambako wasio wa Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Kinachoumiza zaidi ni akaunti ya viza, yaani fedha za kujikimu unazotakiwa kuziweka benki ili upewe viza: tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka. Kijerumani kianze kabla, si baada ya kufika. Ukimaliza chuo kuna akademia za okestra. Ile ya Berlin Philharmonic ilianzishwa na Karajan mwaka 1972, na vijana wake hukaa ndani ya okestra wakipiga na wakubwa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Wangu ana miaka 14, ndiyo kwanza anaanza fidla. Amechelewa?*

Marahaba. Kwa fidla ya ajira, kusema kweli amechelewa. Atashindana na walioanza wakiwa na miaka mitano. Ila mpeleke akaguse besi kubwa, tromboni au basuni. Hizo huanzwa mwili ukishakua, na 14 si umri wa kukata tamaa.

*Mimi niko Unguja, napiga fidla kwenye kikundi cha taarab. Wananiambia taarab itaniharibu.*

Wamekosea. Kupiga pamoja na fidla nyingine nne kwa sauti moja, tena kwa kusikia, ni kazi ya okestra hiyohiyo. Utakachokosa ni kusoma noti papo kwa papo. Soma ukurasa mmoja mpya kila siku bila kusimama, hata ukikosea. Na ile mitelezo ya vidole uiache mlangoni ukipiga Mozart, uichukue ukitoka.

*Fidla yangu ni ya kiwandani ya bei nafuu. Ninunue nyingine?*

Badilisha nyuzi, mpe fundi atengeneze daraja, kisha fedha iliyobaki nunua upinde bora. Fidla ya wastani na upinde mzuri inatamba kuliko kinyume chake.

*Mwalimu usitufiche. Pazia likiondolewa wakamwona Mwafrika, itakuwaje?*

Sitawaficha. Katika okestra nyingi pazia huondolewa duru za mwisho, na mwaka wa majaribio hauna pazia. Vienna Philharmonic ilipokea mwanamke kama mwanachama rasmi mwaka 1997 tu, kwa hiyo msifikiri mambo haya ni ya zamani sana. Mpiga besi Chi-chi Nwanoku aliona asingoje, akaanzisha Chineke! Uingereza mwaka 2015, okestra ya wanamuziki weusi na wa asili mbalimbali, na ina okestra ya vijana pia. Huku karibu, Armand Diangienda alianzisha okestra ya Wakimbanguisti, waumini wa kanisa la Kimbangu, Kinshasa mwaka 1994, wengi wao wakijifunza wenyewe kwa wenyewe. Kijana wako aombe kote.

*Siku ya usaili avae nini?*

Nguo aliyowahi kupigia mara kumi, ili bega lisibanwe. Viatu vya soli laini. Nyuma ya pazia kisigino kinasikika kabla ya noti ya kwanza, na binti mmoja niliyempeleka alivua vyake mlangoni, akaingia na soksi.