Kujaribu magari yanayojiendesha kwenye njia panda ya Mingoyo, ndani ya kompyuta

Anza na kuhesabu magari barabarani. Njia panda ya Mingoyo, zinapokutana barabara za Lindi, Mtwara na Masasi, inafaa kwa anayeanza: mielekeo ni sita tu. Kila barabara iwe na mtu wake, aandike kila dakika 15, bodaboda mbali, bajaji mbali, malori mbali. Msimu wa korosho rudia hesabu.

Programu ya kuiga mwendo wa magari ni SUMO, ya bure, iliyotengenezwa na DLR, kituo cha anga cha Ujerumani. Pakua ramani ya OpenStreetMap, ipitishe kwenye netconvert, zana ya SUMO inayogeuza ramani kuwa mtandao wa barabara, pamoja na --lefthand (kuendesha kushoto). Ukisahau, magari yatapita kulia.

Bodaboda ndiyo inayoharibu matokeo ya wengi. SUMO ikiachwa ilivyo hupanga chombo kimoja kimoja kwenye njia, hivyo bodaboda inasubiri nyuma ya lori kama gari la kawaida. Nani amewahi kuona hivyo? Weka --lateral-resolution 0.8 (inagawa njia kuwa vipande vyembamba), na latAlignment, yaani mahali pa chombo ndani ya njia, iwe arbitrary (popote) ili ipenye. Bajaji ipe urefu wa mita 2.6 na upana 1.3.

Dereva wa kawaida mwachie sigma (kiasi cha kuyumba kwa uendeshaji) 0.5 na tau (nafasi anayoacha na gari la mbele, kwa sekunde) 1. Gari linalojiendesha lipe sigma 0 na tau 0.6, lakini punguza --step-length, yaani hatua ya muda ya hesabu, hadi 0.1. Hatua ya kawaida ni sekunde 1. Tau ikiwa ndogo kuliko hatua, magari yanachelewa kufunga breki na kugongana.

Taa za majaribio chora kwa netedit, kihariri cha mtandao cha SUMO, ziendeshe kwa TraCI, njia ya kuiongoza SUMO kwa programu yako: gari lenye mawasiliano (linalojiendesha, lenye kifaa cha kuwasiliana na taa) likiwa ndani ya mita 60 upande wa kijani, ongeza sekunde 2 za kijani, mwisho 40. Angalia hapa: TraCI inakuonyesha vyombo vyote. Chuja kwa aina, la sivyo taa zako "zitaona" hata bodaboda isiyo na kifaa, na matokeo yatapendeza bure.

Endesha kwa asilimia 0, 20, 50 na 100 ya magari yenye mawasiliano (bodaboda ziache nje), kila kiwango mara 10 kwa --seed (namba ya kuanzishia bahati nasibu) tofauti. Dakika 10 za mwanzo zitupe. Weka --time-to-teleport -1, maana bila hivyo chombo kilichokwama sekunde 300 kinaondolewa kwenye foleni na kurushwa mbele. Kwenye tripinfo, faili la matokeo ya kila safari, usisome timeLoss (muda uliopotea njiani) peke yake; jumlisha na departDelay (muda wa kusubiri kuingia barabarani), kwani foleni ikijaa hadi mwanzo wa barabara, magari yaliyokosa nafasi ya kuingia hayamo kwenye timeLoss.