Kupima kasi ya hidroksili bila kutegemea saa

Radikali ya hidroksili (kipande cha OH chenye elektroni moja isiyo na mwenza) haina subira. Ikizaliwa ndani ya maji inamvamia aliye karibu, na kabla hujapepesa jicho imeshakwisha. Kuifuatilia yenyewe kunataka leza ya bei mbaya. Mimi hapa Dar nazishindanisha kampaundi mbili: ninayoipima (hapa kafeini), na nyingine (pCBA) ambayo kasi yake ya kuvamiwa na hidroksili inajulikana. Ni kama daladala mbili zinazogombania abiria kituo kimoja. Huna haja ya kuhesabu abiria waliofika kituoni, unaangalia nani kajaza zaidi.

Hatua ya 1. Yeyusha kafeini na asidi ya paraklorobenzoiki (pCBA), kila moja mikromola 10 kwa lita, katika maji yaliyokenekwa. pCBA ni mbishi kuyeyuka, iache ikorogwe usiku kucha. Usikimbilie methanoli ili iyeyuke haraka! Niliwahi kuitumia, nikakaa asubuhi nzima mbele ya taa na hakuna kilichopungua. Mililita 1 tu ndani ya lita hunyakua radikali takriban mara 200 ya kampaundi hizo mbili zikijumlishwa. Maji ya kisima nayo yaache, hasa ya huku pwani: kloraidi na bikaboneti huzaa radikali nyingine zinazochagua pa kushambulia, na uwiano unaharibika.

Hatua ya 2. Tia hidrojeni peroksaidi ifike milimola 1 kwa lita, washa taa ya UV ya nanomita 254 (mwanga huipasua peroksaidi ikazaa hidroksili), chota sampuli tano au sita kadiri kampaundi zinavyopungua. Umeme ukikatika katikati usihangaike, ukirudi, endelea. Hesabu hii haiulizi dakika.

Hatua ya 3. Rudia bila peroksaidi. pCBA huharibiwa kidogo na mwanga wenyewe. Ukiona kiasi hicho ni kikubwa, ongeza peroksaidi.

Hatua ya 4. Pima kwa HPLC (mashine inayotenganisha kampaundi na kupima kiasi cha kila moja kwa mwanga inaoufyonza): kafeini nanomita 273, pCBA karibu 238.

Hatua ya 5. Kwa kila sampuli, gawanya kiasi cha mwanzo kwa kilichobaki, chukua ln (logi asilia). Chora ln ya kafeini dhidi ya ln ya pCBA. Mteremko uzidishe kwa 5 × 10⁹ M⁻¹s⁻¹, kasi ya pCBA kuvamiwa na hidroksili (M ni mola kwa lita, s ni sekunde). Tuseme pCBA imeshuka toka 10 hadi 5 na kafeini toka 10 hadi 4.4: 0.821 ÷ 0.693 ni 1.18, kwa hiyo kafeini ni 5.9 × 10⁹.

Mstari lazima unyooke na upite sifuri. Ukipinda, rudi hatua ya 1 ukakague maji yako.