Kizimba cha Kinyonga: Mwanga, Maji na Chakula

Kinyonga huficha ugonjwa mpaka anapokuwa hoi. Siku anayofumba macho mchana kweupe, tatizo kwa kawaida limeshakaa wiki kadhaa, na mara nyingi chanzo chake ni kizimba: taa iliyochoka, maji haba, joto lililopita kiasi. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla hujamleta nyumbani. Funga taa, panda mimea, kisha acha kizimba kifanye kazi kitupu kwa wiki nzima huku ukipima joto na unyevu mchana na usiku.

Vipimo vya hapa vinamfaa kinyonga wa Yemen (Chamaeleo calyptratus), yule mwenye kishungi kirefu kichwani, na kinyonga chui wa Madagaska (Furcifer pardalis). Kinyonga wa pembe tatu (Trioceros jacksonii) ni wa milimani Kenya na Tanzania, hivyo anataka ubaridi zaidi: sehemu ya kuota joto isipite nyuzi 27 za Selsiasi, na usiku joto lishuke sana. Wa aina yoyote ile, chukua aliyezaliwa kwa wafugaji. Wa porini huja na minyoo na kiu ya safari, na biashara ya karibu aina zote za vinyonga inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, hivyo uliza kwanza kama unahitaji kibali.

Kizimba

Kwa dume mzima, kizimba kiwe na upana wa sentimita 60, kina cha 60 na urefu wa 120 kwenda juu. Urefu ndio muhimu, kwa kuwa kinyonga hujisikia salama akiwa juu. Kiweke juu ya meza ili tawi la juu kabisa liwe juu ya macho ya watu. Kila kinachomjia kutoka juu kwake ni adui. Kuta ziwe za wavu laini usiong'oa kucha. Kizimba cha kioo kinawezekana tu kama hewa inaingia chini na kutokea juu.

Weka matawi ya unene tofauti, mengi yakiwa yamelala, yanayoshikika kwa mguu mzima. Mimea hai kama hibiskasi, fikasi na pothosi humpa kificho na majani ya kunywea maji. Osha majani vizuri kabla ya kuipanda, maana kinyonga wa Yemen huyatafuna, na dawa ya wadudu iliyobaki juu yake itamdhuru. Funika udongo wa chungu kwa mawe makubwa asiyoweza kuyameza. Sakafu iache tupu, ikiwa na matundu na sinia la maji chini yake. Kokoto na vipande vya mbao hunaswa na ulimi pamoja na mdudu, kisha huziba utumbo.

Kizimba kimoja, kinyonga mmoja. Hata wasipopigana, kuonana tu kila siku kunawachosha, na mnyonge huacha kula. Kioo cha kujitazamia kilicho karibu nacho kina madhara hayohayo.

Taa mbili, kazi mbili

Ya kwanza ni ya UVB, miale ya jua isiyoonekana kwa macho inayomsaidia kutumia kalsiamu. Tumia taa ndefu ya mrija mwembamba, aina ya T5, yenye UVB ya asilimia 5 au 6, iliyolazwa juu ya wavu, na tawi la kuotea liwe sentimita 20 hadi 25 chini yake. Ukiwa na kipimo cha UV, lenga fahirisi ya UV ya 3 pale mgongo wake unapofika. Wavu hupunguza sehemu kubwa ya miale, kwa hiyo ukibadilisha wavu pima upya. Balbu ndogo za kujisokota hazitoshi, kwa sababu humulika eneo dogo mno. Badilisha taa kila baada ya miezi 12 hata kama inang'aa: mwanga unaoonekana hubaki, lakini UVB huwa imeshapungua.

Kuweka kizimba dirishani hakusaidii. Kioo huzuia UVB na kupitisha joto, kwa hiyo mnyama hupikwa bila kupata faida ya jua. Jua la nje ni zuri kuliko taa yoyote, mradi awe ndani ya kizimba cha wavu chenye kivuli cha kukimbilia.

Taa ya pili ni ya joto, balbu ya kawaida au ya halojeni. Dume wa Yemen anataka nyuzi 29 hadi 32 kwenye tawi la kuotea, jike kama 27, na kinyonga chui 28 hadi 30. Sehemu nyingine za kizimba zibaki nyuzi 22 hadi 25 ili aweze kujipooza. Pima pale kishungi kinapofika, siyo kwenye tawi lenyewe. Kinyonga hachelei kuungua: hukaa chini ya balbu iliyo karibu mno mpaka ngozi ya mgongo ibabuke. Acha angalau sentimita 20 kati yake na balbu.

Taa ziwake kwa muda wa saa 12, kisha zizimwe kwa muda wa saa 12. Usiku uwe giza tupu, bila hata balbu nyekundu, na joto lishuke mpaka nyuzi 18 au 20.

Maji

Kinyonga hajui bakuli. Hunywa matone yanayoning'inia kwenye majani. Nyunyiza kwa dakika mbili hivi kabla taa hazijawaka asubuhi, na tena baada ya kuzimwa. Mchana weka kidripu kinachodondosha tone moja kila sekunde kwa dakika 15 hadi 20. Unyevu wa hewa uwe asilimia 40 hadi 50 mchana, na upande mpaka 80 au zaidi usiku. Katikati majani lazima yakauke. Joto na majimaji ya kutwa nzima huleta maambukizi ya mapafu na ukungu wa ngozi, na hili ndilo kosa la wafugaji wenye bidii kupita kiasi.

Kila asubuhi angalia kinyesi. Ile sehemu ngumu ya mkojo ikiwa nyeupe, anakunywa vya kutosha. Ikiwa ya rangi ya chungwa, au macho yamebonyea, ana kiu.

Chakula

Nyenje, panzi, mende wa kufugwa na viwavi wa hariri, wote wasizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Mende wa jikoni wanaweza kuwa na sumu, na vimulimuli huua. Walishe wadudu saa 24 kabla kwa mboga za majani, karoti na malenge. Epuka mchicha, kwa kuwa oksaleti iliyomo hufunga kalsiamu, na parachichi pia. Aliye chini ya miezi sita ale kila siku, wadudu wadogo kumi au zaidi. Mzima hutosheka na watatu hadi watano kila baada ya siku moja. Nyenje waliobaki waondoe kabla ya usiku, maana humng'ata akiwa amelala.

Wapake wadudu unga wa kalsiamu isiyo na vitamini D3 kila mlo. Wenye D3 na vitamini mchanganyiko tumia mara mbili tu kwa mwezi, kwani D3 na vitamini A zikizidi hudhuru. UVB au kalsiamu ikikosekana, mifupa hulainika: miguu hupinda, taya hulegea, ulimi haufiki kwenye mdudu. Kupinda huko hakunyooki tena, hata tiba ikifaulu.

Jike

Jike wa Yemen huweza kutaga akiwa na miezi mitano au sita bila hata kuona dume. Mwekee mapema chombo chenye mchanga uliooshwa, kina cha sentimita 30, wenye unyevu wa kutosha ili shimo lisibomoke. Akianza kuchimba, funika kizimba kwa shuka. Akijua anatazamwa ataacha. Kumpunguzia chakula na joto hupunguza idadi ya mayai. Akichimba na kuacha kwa siku kadhaa, akakaa sakafuni amefumba macho, mayai yamekwama: mpeleke siku hiyohiyo kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia. Fanya hivyo pia kwa kinyonga yeyote anayeinua kichwa akihema kwa mdomo wazi, au anayetoa mapovu puani. Msafirishe katika kisanduku chenye giza na tawi la kushika, na umchukulie kinyesi kibichi ili kipimwe minyoo.