Unataka kusimamia kinga ya mionzi kwenye mtambo wa nyuklia? Vyeti gani, miaka mingapi, na uifanyie wapi

Wengi wanaoitaka hii kazi huanza na swali la digrii, nisome nini, chuo gani, na ni swali zuri tu, ila mimi nashauri uanze na lingine: hiyo miaka yako ya uzoefu utaipatia wapi? Maana digrii unaweza kuipata sehemu nyingi, lakini miaka inayokubalika kwa cheo cha meneja wa kinga ya mionzi haipatikani kila mahali, na kuna watu wana miaka kibao kwenye mionzi halafu wanafika kwenye intavyu wanaambiwa nusu yake haihesabiki.

Tuchukue kipimo cha Marekani kwa sababu wao wameandika wazi wazi. Tume yao ya udhibiti wa nyuklia, NRC, ina mwongozo namba 1.8 unaohusu sifa za wafanyakazi wa mitambo ya umeme wa nyuklia, na toleo la miaka ya 1970 ndo mitambo mingi ililiweka kwenye masharti ya leseni zao. Pale meneja wa kinga ya mionzi anatakiwa awe na digrii ya kwanza ya sayansi au uhandisi, au kitu kinacholingana nayo, ndani yake kuwe na mafunzo rasmi ya kinga ya mionzi, halafu awe na angalau miaka 5 ya kazi ya kitaalamu kwenye kinga ya mionzi ya vitendo. Katika hiyo 5, angalau 3 iwe kwenye kituo cha nyuklia chenye matatizo ya mionzi yanayofanana na ya mtambo wa umeme, na ikiwezekana iwe mtambo wenyewe kabisa. Shahada ya uzamili yenye masomo ya kinga ya mionzi inaweza kuhesabiwa kama mwaka 1 wa uzoefu na uzamivu kama miaka 2.

Sasa isome tena hiyo taratibu. Neno la kwanza la kushika ni "kitaalamu". Fundi wa mionzi anayezunguka na mita anapima vyumba, anabandika mabango, anasindikiza mafundi wa bomba, anafanya kazi ya maana sana na bila yeye hakuna kinachokwenda, ila kama kazi yake ni kufuata utaratibu ulioandikwa na mtu mwingine basi miaka yake haiwi ya kitaalamu moja kwa moja. Inakuwa pale anapoanza kupanga: anatathmini dozi, yaani kiasi cha mionzi kitakachompata mtu, kabla ya kazi, anaandika taratibu, anachunguza kwa nini mtu kachafuka kwa vumbi lenye mionzi, anaamua kinga ipi ivaliwe na kwa nini. Kwa hiyo kama we ni fundi na unalenga huko juu, usisubiri cheo kibadilike, omba upewe hizo kazi sasa hivi, na ziandike kwenye rekodi zako kwa majina yake, kazi gani, mwaka gani, ulikuwa na madaraka gani. Mkaguzi akija kuangalia sifa zako hasomi moyo wako, anasoma karatasi.

La pili ni "matatizo yanayofanana". Ukiwa umefanya kinga ya mionzi hospitali, kwenye mashine za eksirei na tiba ya saratani, una ujuzi wa kweli na sehemu ya miaka 5 inaweza kutoka huko, lakini ile 3 ngumu kuipata pale. Hospitali chanzo cha mionzi unakijua kilipo, kimefungwa, kina cheti. Kwenye mtambo chanzo kinatembea ndani ya mabomba. Kobalti-60 inatengenezwa pale chuma cha valvu chenye kobalti kinapolika kidogo kidogo, chembe zinapita kwenye kiini cha kinu penye fueli zinapigwa na nyutroni, halafu zinakwenda kukaa kwenye kona ya bomba ambayo hukuitegemea, na nusumaisha yake, yaani muda wa mionzi yake kupungua nusu, ni kama miaka 5.3 kwa hiyo haiendi popote. Naitrojeni-16 yenyewe nusumaisha ni sekunde 7 hivi, mtambo ukizimwa inaisha fasta, lakini ukiwa unawaka inatoa miale mikali ajabu karibu na mabomba ya maji ya kinu. Mtu asiyewahi kuishi na vitu hivi anajua namba zake, hajui tabia zake. Ndo maana waliofanya kazi kwenye vinu vya nyambizi za jeshi la majini huonekana sana kwenye hivi vyeo huko Marekani, vinu vyao vinafanana na vya umeme.

Na wasio na digrii? Lile neno "kinacholingana" lipo kwa ajili yao. Ufafanuzi uliozoeleka ni kwamba miaka 4 ya masomo ya juu ya sayansi au uhandisi, au miaka 4 ya kinga ya mionzi kwenye kituo cha nyuklia, au miaka 4 ya kazi na mafunzo ya kiufundi kwenye umeme wa nyuklia, au mchanganyiko wa hivyo unaofika 4, unaweza kusimama badala ya digrii. Ila usihesabu mwaka mmoja mara mbili, ukiutumia kuziba pengo la digrii usiurudishe tena kwenye ile 5 ya kitaalamu. Kwa hesabu hiyo asiye na digrii anazungumzia karibu miaka 9 ya kazi, na kusema kweli wengi wa namna hiyo ni mameneja wazuri mno.

Kuhusu vyeti vya ziada. Marekani mafundi wana mtihani wa NRRPT, masajili yao ya kitaifa iliyoanza miaka ya 1970, na wataalamu wana cheti cha bodi ya fizikia ya afya kinachojulikana kama CHP, ambacho kinataka digrii na miaka 6 ya kazi ya kitaalamu na mitihani miwili, wa kwanza wa kuchagua majibu na wa pili wa kukokotoa na kueleza. Cheti hiki sio lazima kwa kila mtambo, lakini nakushauri ukifukuzie, sio kwa ajili ya herufi mbele ya jina, ni kwa sababu ule mtihani wa pili unakulazimisha ujue vitu ambavyo kazini umezoea kuachia programu ya kompyuta ikufanyie.

Uingereza mfumo ni mwingine kidogo. Kanuni za mionzi za mwaka 2017 zinamtaka mwajiri awe na mshauri wa kinga ya mionzi mwenye cheti cha umahiri kinachotambulika, na chini kuna wasimamizi wa kinga ya mionzi wanaohakikisha sheria za ndani zinafuatwa pale kazini. Muungano wa Ulaya nao kwenye maelekezo ya 2013/59 ya Euratom, jumuiya yao ya nyuklia, wametenganisha mtaalamu wa kinga ya mionzi na afisa wa kinga ya mionzi. Ukitaka kuhamia nchi nyingine angalia hapo kwa makini kwanza, kwa sababu mshauri anashauri tu na wajibu unabaki kwa mwajiri, wakati meneja ana watu, ana bajeti, ana ratiba na anajibu kila kitu. Mtu anaweza kuwa mshauri wa daraja la juu na hajawahi kusimamia shifti hata moja.

Haya tuje kwenye kitu ambacho mimi nakiona ndo moyo wa hii kazi, kipindi cha kuzima mtambo kubadilisha fueli. Mitambo mingi inazimwa kila miezi 18 au 24, na hapo ndani ya wiki chache wanaingia mamia ya mafundi wa nje, vyombo vinafunguliwa, na sehemu kubwa ya dozi ya mwaka mzima inaliwa hapo hapo. Ukitaka uzoefu ulio mzito tafuta hivi vipindi, vingi, na kwenye mitambo tofauti kama unaweza, ya maji yanayochemka na ya maji yenye shinikizo, maana kwenye ile ya maji yanayochemka mvuke wenyewe unaopita kwenye tabo, ile mashine inayozungusha jenereta, unakuwa na mionzi.

Mfano mdogo wa maamuzi ya pale. Kuna valvu inabidi itengenezwe, sehemu mafundi watakaposimama kuna milisivati (kipimo cha dozi) 2 kwa saa, mafundi wawili, saa 3. Hiyo ni milisivati 12 kwa jumla ya watu wote. Mtu anasema tuweke blanketi za risasi tupunguze nusu, safi, inashuka kuwa 6. Lakini hizo blanketi zinawekwa na watu! Wawili, dakika 20, kwenye eneo lile lile, hapo umelipa kama 1.3, na kuziondoa tena kama 1.3, jumla inafika karibu 8.7, bado umeokoa zaidi ya 3 kwa hiyo weka. Sasa chukua kazi hiyo hiyo ila iwe ya nusu saa tu. Bila blanketi dozi ni 2, na blanketi inakuwa karibu 3.7, yaani umewachoma watu zaidi kwa kutaka kuwakinga. Na kabla ya yote hayo meneja mzuri angeuliza, je hilo bomba haliwezi kusafishwa kwa maji kwanza, halafu je lazima kazi ifanyike leo au baada ya maji kujazwa kwenye chombo cha jirani ambayo yenyewe ni kinga ya bure? Hii ndo ile kanuni ya kushusha dozi kadiri inavyowezekana kwa busara, ALARA, na huwezi kuijua kwa kuisoma kwenye slaidi.

Namba za viwango lazima ziwe kichwani. ICRP, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, wanapendekeza mfanyakazi asizidi milisivati 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5, na mwaka wowote mmoja asivuke 50, lenzi ya jicho nayo 20, ngozi 500, na mwananchi wa kawaida 1. Marekani sheria yao inasema 50 kwa mwaka, ila mitambo hujiwekea mipaka yake ya chini zaidi. Jua pia madaraja ya maeneo, hasa yale yanayofungwa kwa kufuli, na uwe mkali wa funguo kupita kiasi, maana chini ya chombo cha kinu kuna sehemu ambazo vifaa vya upimaji vikivutwa nje dozi inapanda kiasi kwamba dakika chache tu zinatosha kumuumiza mtu.

Usipuuze mionzi ya alfa, ile ambayo hatari yake ni pale inapoingia mwilini. Mwaka 2009 huko Kanada, kwenye mtambo wa Bruce uliokuwa unakarabatiwa, mamia ya wafanyakazi ilibidi wafuatiliwe baada ya vumbi lenye alfa kutoka kwenye mabomba yaliyokuwa yanasagwa. Vifaa vilivyozoeleka kwa beta na gama peke yake havikuambii habari za alfa, lazima mtu awe ameamua mapema kuitafuta. Ukiwa unajifunza hakikisha umekaa na watu wa dozi za ndani, yaani za mionzi iliyoingia mwilini, wanaopima mkojo na wanaotumia mashine ya kupima mwili mzima, hata miezi michache, kwa sababu mameneja wengi waliokulia kwenye vipimo vya nje hapo ndo huwa dhaifu.

Kuna kitu kingine hakiandikwi kwenye cheti lakini kipo kwenye miongozo, nacho ni uhuru. NRC kwenye mwongozo namba 8.8 wanasema huyu meneja anafanya kazi yake vizuri akiwa hayuko chini ya idara za uendeshaji au matengenezo, na awe na njia ya moja kwa moja ya kumfikia mkuu wa mtambo. Ukienda kuomba kazi uliza kabisa, naripoti kwa nani? Nikisimamisha kazi saa nane usiku na ratiba inachelewa, nani atanipigia? Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka jifikirie mara mbili, kwa sababu itafika siku utasimama mlangoni unawaambia watu hawaingii na kila dakika ya mtambo kuzimwa ni hela nyingi, na pale sauti yako lazima iwe na mgongo nyuma yake. Tena jizoeze kusimamisha kazi ukiwa bado mdogo. Dozimita, kile kifaa cha kupima dozi anachovaa fundi, ikipiga alamu usimwulize kama anaweza kumalizia nati mbili zilizobaki, mtoe kwanza, mengine mtaongea nje.

Dharura nayo inakuhusu, kwenye mipango mingi idara yako ndo inatoa watu wa kupima nje ya uzio na kukadiria dozi za wananchi. Baada ya ajali ya Three Mile Island ya Machi 1979 Wamarekani walibadilisha mengi kwenye mafunzo, INPO, taasisi ya kampuni za umeme wa nyuklia ya kusimamia ubora wa uendeshaji, ikaanzishwa mwaka huo huo, na mwaka 1993 sheria ikalazimisha mafunzo ya kimfumo kwa makundi kadhaa ya wafanyakazi wakiwemo mafundi wa mionzi. Kwa hiyo jitolee kwenye mazoezi ya dharura, shika nafasi tofauti tofauti kila zamu.

Kama miaka yako bado haijatimia, njia ninayoiamini zaidi ni kuwa kaimu. Meneja akiwa likizo au anaumwa lazima kuwe na mtu wa kushika nafasi, na kigezo ambacho NRC wamekitumia kwa huyo wa muda ni chepesi zaidi: digrii ya sayansi au uhandisi, miaka 2 ya kinga ya mionzi, mwaka 1 kati ya hiyo uwe kwenye mtambo wa umeme wa nyuklia na miezi 6 iwe hapo hapo kituoni. Nenda kwa bosi wako ukiwa na karatasi yako imepangwa, mwoneshe umefika wapi na kinachopungua ni nini, mwombe jina lako liandikwe rasmi kama mbadala wake, na kila ukikaimu andika tarehe, maamuzi uliyofanya na nani aliyasaini.