Namna ya kumchukulia hatua za nidhamu mtumishi wa mahakama anayetoroka kazi

Karani wa masjala asipofika kazini siku ya Ijumaa, mshtakiwa ambaye jamaa zake wameshalipa dhamana anaweza kulala rumande hadi Jumatatu kwa kuwa hakuna aliyeandaa hati ya kumwachilia. Mkalimani asipoonekana, kesi huahirishwa na mashahidi waliotoka mbali hurudi makwao bila kusikilizwa. Utoro wa aina hii haupaswi kufumbiwa macho hata kidogo. Hata hivyo, msimamizi anayeandika barua ya kumfuta karani siku hiyohiyo, akiwa bado na hasira, huwa ameshaiharibu kesi yake kabla haijaanza. Maelezo yanayofuata yanawahusu wasimamizi wa vituo vya mahakama nchini Kenya.

La kwanza ni kujua mipaka ya mamlaka yako. Kifungu cha 172 cha Katiba ya 2010 kinaipa Tume ya Huduma za Mahakama jukumu la kupokea malalamiko, kuchunguza na kuwaadhibu au kuwaondoa kazini wasajili, mahakimu na watumishi wengine wa Mahakama. Kwa hiyo hakimu anayeongoza kituo au msimamizi wa mahakama, asipokuwa amekasimiwa mamlaka hayo, hamfuti mtu kazi. Kazi yake ni kukusanya ukweli, kumtaka mhusika ajieleze na kuwasilisha suala hilo kwa Msajili Mkuu kwa njia zilizowekwa.

Kabla ya kuandika barua yoyote, tafuta sababu. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 44(4), inautaja utoro bila ruhusa wala sababu halali kuwa miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumfanya mtu aachishwe kazi papo hapo, na uzito wa kifungu hicho uko katika maneno "sababu halali". Mtu aliyelazwa hospitalini, aliyefiwa ghafla au anayesumbuliwa na maradhi ya akili si mtoro kwa maana ya sheria, hata kama alichelewa kutoa taarifa. Mpigie simu, mwandikie ujumbe, waulize wenzake, na ikibidi tuma barua kwa anwani iliyo katika faili lake, huku ukiandika tarehe na saa ya kila jaribio. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi imesisitiza mara nyingi kwamba mwajiri anayedai mfanyakazi ametoroka kazi lazima aonyeshe juhudi alizofanya za kumtafuta na kumjulisha kwamba anafikiria kumwachisha kazi. Wasimamizi wengi hulipuuza jambo hili, nami naliona kuwa ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu bila kumbukumbu hizo hata mtoro sugu huonekana ameonewa.

Asipotoa sababu ya kuridhisha, mwandikie barua ya kumtaka ajieleze. Barua inayosema tu "umekuwa na mazoea ya kutofika kazini" haimwambii lolote analoweza kulijibu. Taja kila tarehe ambayo hakuwepo, ambatisha nakala ya ukurasa husika wa daftari la mahudhurio, eleza kilichokwama siku hiyo, kwa mfano mafaili yaliyokosekana mezani kwa hakimu, kisha utaje kanuni iliyovunjwa na siku ya mwisho ya kujibu. Mpe muda wa kutosha wa kujiandaa, na umruhusu kuona nyaraka utakazozitegemea.

Utovu mwingine wa nidhamu huhitaji tahadhari zaidi, hasa pale mwananchi anapolalamika kwamba faili lake "limepotea" hadi atoe kitu kidogo. Hilo lisichukuliwe kama suala la ndani ya ofisi pekee. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka kila afisa wa umma aliye na habari au shaka ya hongo aripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24. Ripoti kwanza, hifadhi ushahidi, kisha uendelee na utaratibu wa nidhamu. Iwapo mtumishi anasimamishwa kwa muda ili asiingilie uchunguzi, barua yake ieleze wazi kwamba hiyo si adhabu, wala hajapatikana na hatia.

Katika kikao cha kumsikiliza, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe. Aliyeleta malalamiko asikae miongoni mwa waamuzi. Mkikaa mkiwa mmeshaamua, kikao hicho hakina thamani, na inasikitisha zaidi jambo hilo linapotokea katika jengo ambamo haki ya kusikilizwa hutajwa kila siku.

Adhabu ilingane na kosa. Kwa mtu aliyetumikia miaka mingi bila doa na akakosa siku mbili, onyo la maandishi hutosha. Aliyeonywa mara kwa mara na bado anatoweka hawezi kulalamika suala lake likifikishwa kwa Tume ya Huduma za Mahakama ili aondolewe. Linganisha pia na yaliyofanywa kwa wengine wenye kosa kama hilo, kwa sababu upendeleo hugundulika upesi.

Uamuzi utolewe kwa maandishi pamoja na sababu zake, kama kifungu cha 47 cha Katiba kinavyotaka, na barua imwonyeshe mhusika njia ya kukata rufaa. Mfanyakazi ana miaka mitatu ya kufungua kesi, na akishinda anaweza kulipwa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Daftari la mahudhurio, barua zote na kumbukumbu za kikao ziwekwe katika faili moja, zikiwa na nambari za kurasa, na zisiharibiwe kabla ya muda huo kupita.