Kumhoji mtu wa utamaduni mwingine Uganda: anza na jina, kabila litakuja lenyewe

1. Lugha kwanza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005, lakini kwa wazee wengi wa Buganda bado kinakumbusha kambi ya jeshi. Mzee akikujibu kwa mkato, huenda tatizo si swali lako. Msalimie kwa Kiganda hata kama salamu ndiyo pekee unayoijua, kisha muulize angependa mzungumze lugha gani. Kwa Wanubi (jamii iliyotokana na askari wa Sudan) wa mji wa Bombo, Kiswahili kinapita vizuri. Mkalimani asiwe mtoto wake, na mkwe usithubutu kabisa.

2. Simu. Zima mtandao, rekodi sekunde 30, sikiliza. Iweke sentimita 30 hivi kutoka kwake, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Mvua ikianza kupiga mabati, simamisha. Hakuna programu itakayookoa sauti hiyo. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, halafu uiombe tena rekodi ikiwa imeanza, pamoja na swali la kama jina lake litajwe.

3. Jina. Hapa ndipo kazi ilipo. Ukifungua na "utamaduni wenu ukoje?" utaletewa ngoma, matoke na mavazi ya harusi, kwa sababu umemgeuza msemaji wa watu wote. Uliza: "Jina hili ulipewa na nani? Nani wanakuita hivyo, na nani hawathubutu?"

Kwa Mtooro au Mnyoro, salamu haijakamilika bila empaako, yaani jina la heshima na upendo linaloongezwa juu ya majina ya kawaida: Amooti, Akiiki, Abwoli na mengine machache. Atakuuliza lako. Kama huna, mwambie huna. Mara nyingi atakupa moja papo hapo. Lipokee, na la kwake litumie mpaka mwisho wa mahojiano. (Okaali usijaribu, hilo ni la mfalme.)

Kwa Muganda, uliza "Weddira ki?" (ukoo wako ni upi?) naye atakutajia omuziro, yaani mwiko unaoutambulisha ukoo wake. Tuseme ni mmamba, yaani kamongo, samaki ambaye haliwi na watu wa ukoo huo. Usiishie kuandika "mmamba". Endelea: nani alikukataza kwanza? Jirani akimpika kamongo, wewe hufanya nini? Mkeo je, ambaye ni wa ukoo mwingine? Majibu ya jikoni huwa na ukweli kuliko ya jukwaani.

4. Sikiliza "sisi". Mtu mmoja anaweza kusema "sisi Wanubi", dakika kumi baadaye "sisi Wakakwa" (kabila jingine), akimfuata baba au bibi. Hajajipinga. Muulize tu: "Hapo 'sisi' ni akina nani?" Katiba ina orodha yake ya jamii, usimsahihishe kwayo.

Usimuulize mfugaji ana ng'ombe wangapi: ni kama kumuuliza ana pesa ngapi.

5. Kufunga. Dakika 60 zinatosha. Msomee majina uliyoandika, herufi kwa herufi: Abwoli na Abooki si mtu mmoja. Ukishazima simu, chai itakuja, na maneno mazuri yataanza kutoka hapo. Usiwashe kwa siri. Omba upya.